Beberu Aliyevaa Kanzu

Laeken, Brussels
7 Januari 1996

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa msafiri aliyepewa na Burhani huko Kigoma, ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa dagaa, na mpaka leo chumba changu kizima kinanuka Buyenzi. Mwenye nyumba amekuja kugonga kuuliza kama kuna kitu kimekufa humu. Nimemwambia ni manukato ya kwetu.

Unasema siku hizi barua zinafunguliwa njiani, na kwamba niwe ninaandika “kama alivyokuwa akiandika baba yako mwaka wa sabini na mbili.” Nitajaribu, ingawa mwaka ule nilikuwa bado nanyonya kidole na barua zake sijaona hata moja. Nakumbuka tu mkisema kwamba marehemu alikuwa akiandika kirefu, habari za ng'ombe tupu, na kwamba wewe ulikuwa ukizisoma huku unalia. Basi na mimi nitakupa kirefu. Ng'ombe sina. Nina kuku.

Unauliza nashinda wapi kutwa. Nashinda na kuku. Wamefungwa katika vizimba vya waya, wanne wanne, watano watano, na nafasi ya kila mmoja haizidi karatasi hii uliyoishika. Hawezi kunyoosha mabawa. Hawezi kugeuka bila kumkanyaga mwenzake. Taa huwashwa na kuzimwa na mtu mwingine, jua hawalijui. Wakichoka wananyonyoana manyoya mpaka shingo zinabaki wazi. Nami nimo humo humo pamoja nao, asubuhi mpaka jioni. Mwanzoni nilikuwa nikiota vizimba. Sasa nimezoea, na kuzoea huko ndiko kunakonitisha.

Tunachotafuta ni kujua kuku mwenyewe anataka nini. Tunamwekea mlango mzito, na upande wa pili kuna vumbi la kuogea. Kila siku mlango unaongezwa uzito. Wapo wanaosukuma mpaka vifua vinachubuka. Anayesema kuku hajui uhuru hajawahi kukaa na hawa. Antoine, mkubwa wetu, anasema wakubwa wa Ulaya watakaa hapa hapa Brussels waamue kama vizimba vifutwe. Ni lini, hakuna ajuaye.

Sultani mbona haandiki? Mwambie dada yake anauliza kama mikono imekatika.

Mwanao,
Rayhana


Buyenzi, Bujumbura
4 Februari 1996

Mwanangu Rayhana,

Wa aleikum salaam. Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga, nikaisoma tena baada ya kufuturu, na mara zote mbili nimelia. Nimekuelewa, mwanangu. Kila neno nimelielewa. Unasema barua za baba yako hukuziona, lakini mtoto wa nyoka ni nyoka. Umeandika kama yeye. Hao kuku Mungu atawatoa. Nimeweka nadhiri kwa ajili yao, nitakwambia siku yake.

Kula, hata kama chakula ni kibaya. Usigombane na wenye funguo. Huyo Antoine, kama ana moyo, mwite papa kama baba yako mzazi, umsalimie vizuri kila asubuhi.

Ndugu yako Sultani amesafiri. Usimtaje tena kwenye karatasi.

Sasa nikupe habari za beberu wetu. Unamjua, ni yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni ukienda bombani. Tangu mvua zianze nimemfungia katika kile chumba cha mkaa, nyuma, kwa sababu kuna watu wanapita mitaani kuchukua mabeberu. Madume tu, tena yale machanga. Kwa Mzee Abdallah wamechukua wawili, mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kuuliza wamepelekwa wapi. Huyu wetu jua halioni. Chakula anakigusa tu. Anatembea ukuta mpaka ukuta. Vumbi la mkaa limemwingia kifuani, anakohoa, na kikohozi chake kinasikika mpaka njiani. Jirani ameniuliza, “Mama Rayhana, nani huyo anakohoa kwako?” Nikamwambia ni mimi. Tangu siku ile kila akipita inabidi nikohoe.

Wako wanaonishauri nimtoe usiku, nimpitishe bondeni. Wako wanaosema nimwache. Mimi kichwa kimejaa. Wewe uliye ndani ya mambo haya ya kufungiwa unayajua kuliko sisi. Niambie, nimtoe au nimwache? Na nikimtoa, nimtoe vipi? Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Mama yako,
Mwanakombo


Laeken
3 Machi 1996

Mama mpenzi,

Nimecheka peke yangu, Mungu anisamehe. Mama mzima anakohoa kwa ajili ya mbuzi! Na kumbe kizazi cha yule mbuzi wangu wa utotoni bado kipo. Hao wezi wa mifugo hawana hata aibu ya mwezi mtukufu.

Antoine nimemwita papa kama ulivyoniagiza. Hajafika hata miaka arobaini. Alibaki ananitazama, kisha akafurahi, na sasa ofisi nzima inamwita Papa Antoine.

Kuhusu swali lako, umemuuliza mjuzi mwenyewe. Mtoe, mama. Usimwache humo. Mbuzi si mnyama wa upweke. Peke yake gizani anaugua roho kabla ya mwili, na kikohozi hicho ni cha hewa iliyolala. Lakini kumtoa kuna namna yake, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu.

Usimtoe usiku. Usiku kila kivuli kinamtisha, aliyetishika hukimbia, na anayekimbia huumia. Mtoe asubuhi, jua likiwa limeshatoka, aone anakokwenda. Usimtoe peke yake. Mchanganye na wengi wa aina yake, maana ndani ya kundi moyo wake hutulia, hilo tumelipima kwa vyombo. Idi ya kuchinja itafaa sana, mitaa yote itakuwa imejaa na hatajiona mgeni. Mpe maji kwanza. Usimvute kwa mbele wala usimsukume kwa nyuma. Tembea naye ubavuni, usawa wa bega, ili akuone. Asipigwe, asipigiwe kelele. Akisimama, na wewe simama. Mwache akitazame kinachomtisha mpaka akizoee, atakwenda mwenyewe.

Na kikohozi kikizidi, mama, usimwonee huruma ya uongo. Bora umchinje mapema, kwa kisu kikali, kuliko kumwacha ateseke gizani. Ndivyo tunavyofundishwa huku.

Sultani amesafiri kwenda wapi? Au ameoa kwa siri, yule?

Mwanao,
Rayhana


Buyenzi
31 Machi 1996

Rayhana mwanangu,

Barua imefika. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi moyoni, kisha nikaichoma kwenye jiko. Tutafanya kama ulivyosema. Idi, asubuhi, kundini, maji kwanza.

Ile kauli ya kisu imeniumiza sana. Nilikaa nayo siku nzima nisiweze hata kupika. Nikasema, huyu ni mwanangu kweli, au kifungo kimemgeuza moyo? Baadaye nikaelewa kuwa unatuhimiza tusichelewe. Basi hatutachelewa.

Ndevu nimemnyoa. Kanzu ya marehemu baba yako inamkaa, ila mabegani inambana. Anakusalimu na anasema anakushukuru, hata kwa kisu.

Usiandike tena mpaka utusikie.

Mama yako,
Mwanakombo


FAKSI
Kwa Burhani, dukani kwa Sefu, Kigoma
Kutoka Brussels, 24 Aprili 1996

Kaka Burhani,

Nakuandikia Kigoma kwa sababu huko naweza kusema wazi, na kwa sababu sina mwingine. Soma mpaka mwisho, kisha ukimbilie Buyenzi kwa njia yoyote.

Barua ya mama uliyoituma kwa msafiri imenifikia leo. Nimeisoma ndani ya basi. Nilipofika penye kanzu nilidhani mama amerukwa na akili. Mbuzi kavalishwa kanzu! Sikuenda kazini. Nikashuka barabara ya Chaussée de Wavre nikaingia maduka ya Galerie d'Ixelles kwa Mwadi, yule Mkongo wa Lubumbashi anayenisuka, kwa kuwa ndiye mtu ninayeweza kulia mbele yake. Nikamsomea barua mbili za mwisho za mama. Akaacha kusuka, chanuo mkononi.

“Mbuzi anavaaka kanzu?” akaniuliza.

“Mama amezeeka, Mwadi.”

“Bon. Na mbuzi gani unabebaka ku mugongo, weye mutoto, unaenda naye ku maji? Miaka ngapi mbuzi anaishi? Rayhana, ndugu yako iko wapi?”

“Amesafiri.”

“Amesafiri wapi?”

“Hawakuniambia.”

“Alors.” Akavuta kiti akakaa, mteja wake akingoja na kichwa kilichosukwa nusu. “Ile haiko mbuzi, chérie. Ile ni muntu. Ni ndugu yako. Siye pia, wakati walikuwa wanafukuza watu kwetu, tuliandikaka vile. Siye tulisemaka mihogo.”

Burhani, hapo ndipo nilipoelewa. Ng'ombe wa baba! Mwaka ule wa mauaji baba alikuwa amejificha, na ng'ombe walikuwa watu. Hakuna aliyewahi kunieleza, wote walidhani najua. Mama aliposema niandike kama baba, mimi nikamwandikia kuku, na kuku wangu ni kuku, wanataga mayai. Yeye amewasoma kuwa ni mimi. Anadhani nimefungwa. Na aliponiuliza amfanyeje Sultani, nikamjibu habari za mbuzi. Nimemwambia amtoe mchana, mbele za watu, siku ya Idi. Nimemwambia akizidi kukohoa amchinje.

Idi ni Jumapili. Kumwandikia wazi siwezi, maana nikisema “mbuzi alikuwa mbuzi” nimewaambia wenye kufungua barua kwamba wa kwake si mbuzi. Kwenye simu ya Mzee Abdallah hakuna anayepokea. Nenda, kaka. Mwambie mama asimtoe. Mwambie mimi sijui chochote, najua wanyama tu.

Rayhana


FAKSI
Kigoma, 26 Aprili 1996

Dada Rayhana,

Nimeipata leo Ijumaa, baada ya swala. Meli haiendi Bujumbura. Magari yamezuiwa mpakani na hakuna dereva atakayekubali kabla ya wiki ijayo. Nimejaribu kila mlango. Siwezi kuwahi Idi. Nisamehe.

Nitaondoka siku ile ile njia itakapofunguka. Tuombe Mungu.

Burhani


Laeken
7 Mei 1996

Kaka Burhani,

Nakuandikia hapo dukani ingawa nadhani umeshaondoka. Lazima nimwandikie mtu.

Siku ya Idi tuliswali, nikapeana mikono na watu, sikusikia hata mmoja alichoniambia. Huku kuna mvua nyembamba isiyokwisha. Kila saa nafikiria ile asubuhi ya huko, jua lilikuwa wapi, yeye alikuwa wapi. Kazini Papa Antoine ameniondoa kwenye vizimba kwa muda. Mahali pa kuandika kwamba kuku amesukuma mlango nilikuwa nimeandika “ametoka,” “ametoka,” ukurasa mzima, na wala hakuna aliyetoka. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina ndugu. Hakuelewa.

Mimi niliyeandika “mchinje,” Burhani. Kwa mwandiko mzuri, na kicheko juu yake.

Kama unajua neno na unanificha, usinifiche. Sijui nitalipokeaje, lakini hivi nilivyo sasa siwezi kuendelea.

Rayhana


Kigoma
20 Mei 1996

Dada Rayhana,

Ni mimi, beberu. Niko Kigoma. Nimeoga, nimekula wali na samaki mgebuka, niko hai. Kikohozi kimebaki kidogo, usimwite mchinjaji.

Mama pia ni mzima. Naliweka hilo juu ili usome mengine kwa utulivu.

Burhani ameniambia yote. Mwanzo nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikatoka nje nikakaa peke yangu. Nataka ujue ilivyokuwa. Mpango wetu ulikuwa usiku, kupitia bondeni, pamoja na vijana wa mtaa wa pili. Barua yako ikaja. Mama akasema, “Rayhana amesema usiku hapana.” Mimi nikabisha. Yeye akafunga mlango wa chumba cha mkaa akakalia kiti mbele yake. Vijana wale wakaenda bila mimi. Hawajaonekana mpaka leo, na mama zao bado wanawawekea chakula.

Asubuhi ya Idi mama alinipa maji. Sikuwa na kiu, akanilazimisha. “Imeandikwa,” akasema. Na kwa kuwa hakuwa na hakika kama wewe ulisema mbuzi kwa maana ya mtu tu au na mbuzi mwenyewe pia, akachukua tahadhari, akanunua mbuzi wa kweli akanipa kamba. Tukatoka. Jua lilinipiga usoni nikawa sioni. Njia nzima ilikuwa kanzu nyeupe na mbuzi, watu wanaleta takbira, na mimi ndani yao. Mama alitembea ubavuni pangu, bega kwa bega, hakunitangulia wala hakubaki nyuma. Nilimwambia aniache, wakinikamata wasimkamate naye. Akasema, “Nyamaza. Ubavuni.”

Penye kizuizi wenye bunduki walikuwa wanatazama nyuso. Hapo ndipo yule mbuzi akagoma. Akakita miguu katikati ya njia. Nyuma watu wanasukumana, mbele wale wanatutazama. Miguu yangu ilitaka kukimbia, dada, nakwambia ukweli. Mama akasema polepole, “Akisimama, na wewe simama.” Nikasimama. Mbuzi akautazama ule mti uliokingamishwa njiani, akautazama weee. Mmoja wa wale askari akacheka, akasema huyu kajua anakokwenda. Wenzake wakacheka. Mbuzi akaona imetosha, akapita chini ya mti, na mimi nikafuata kamba. Hakuna aliyeniuliza jina.

Baada ya swala nilipanda lori la mawese mpaka Rumonge, na kutoka huko nikatembea hadi nikavuka mpaka. Mama alikataa kuja. Alisema hawezi kuhama wakati bado ana mtoto kifungoni anayemwandikia kwa anwani ile.

Hilo ndilo ninalotaka unisaidie. Burhani alipofika Buyenzi alimweleza kwa mdomo wake, kuku ni kuku, Rayhana yuko huru, analipwa kuwachunguza. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, “Burhani, mimi si mtoto. Mtu mzima, aliyemaliza chuo, Wazungu wamlipe kuangalia kuku? Ndivyo walivyomwagiza aseme.” Ukimwandikia wazi kwamba hujafungwa ndiyo utakuwa umemthibitishia. Na ile nadhiri aliyokwambia ni kwamba atachinja siku watoto wake wote wawili watakapokuwa nje. Kwa hiyo yule mbuzi wa Idi hakuchinjwa. Amemrudisha nyumbani akamfungia chumba changu cha mkaa, anakungoja wewe. Burhani anasema ameanza kukohoa.

Mwandikie, dada. Lakini mwandikie kwa kuku.

Nduguyo,
Sultani


Laeken
9 Juni 1996

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Nimesikia beberu wetu amefika malishoni, na kwamba anakula. Alhamdulillahi. Nililia ndani ya basi mpaka bibi mmoja asiyenijua akanipa kitambaa chake, na hakukitaka tena.

Sasa nikupe habari za kuku, mama, na uzisome kama ulivyokuwa ukizisoma za marehemu.

Vizimba vimefunguliwa. Sisemi vya Ulaya yote, hivyo bado wakubwa wanabishana. Hivi vyetu, vya hawa ninaoishi nao. Jumanne Papa Antoine amefungua milango kwa mkono wake mwenyewe. Nje kuna chumba kikubwa, majani makavu chini, vumbi la kuogea, na dirisha linaloingiza jua. Nilidhani watatoka mbio. Hawakutoka. Walisimama mlangoni, shingo nje, miguu ndani, kama watu walioambiwa uongo mara nyingi. Papa Antoine akataka kuwasukuma. Nikamshika mkono nikamwambia, hapana, papa. Akisimama, na wewe simama. Kuna mama mmoja Bujumbura anaijua kazi hii vizuri kuliko sisi.

Tukasimama. Mmoja akatoka, akakanyaga majani, akaogopa akarudi. Akatoka tena. Wengine wakamfuata. Jioni wote walikuwa wanaoga vumbi, wamenyoosha mabawa, mabawa ambayo hata sisi tunaowaangalia kila siku hatukuwahi kuyaona yamenyooka.

Alibaki mmoja. Ni mwembamba, mkaidi, anayejifanya anajua kila kitu. Unamjua, wewe ndiye uliyekuwa ukimsuka kila Alhamisi akipiga kelele. Huyo alisimama mlangoni kuliko wote. Alikuwa anangoja kusikia sauti ya beberu wetu kutoka mbali, na bila sauti ile asingeweza kunyanyua mguu. Ilipokuja, alitoka. Yuko nje, mama. Ni mzima. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivi, na funguo anazo yeye mwenyewe mfukoni.

Basi nadhiri yako imetimia. Chinja mbuzi. Nasema yule mwenye pembe na mkia, anayelia mee, usije ukanielewa vingine. Lakini mtoe kwanza humo ndani, asubuhi, aone jua. Mpe maji. Tembea naye ubavuni, na kisu usikinoe mbele yake.

Kisha funga mlango wa chumba kile, usimfungie mtu tena, na uvuke uwafuate walio malishoni. Barua zangu zitakufuata huko.

Mwanao aliye nje,
Rayhana